Kisanduku cha Kaberuka

Mwezi uliopita fundi aliyekuja kubadilisha mabati ya jikoni kwangu alibandua ubao mmoja wa dari, na ile harufu ikashuka kabla ya vumbi. Ni harufu ambayo mtu akishaijua haisahau: kama asali iliyochacha, iliyochanganyika na mkojo wa paka na manyoya makavu ya kuku. Fundi aliziba pua kwa kola ya shati, akacheka.

"Muzehe, huku juu uko na mpangaji!"

Sikucheka. Nilivuta kigoda nikakaa, na kijana wa watu akadhani nimeshikwa na kizunguzungu.

Vijana wananiita muzehe, nami siwakatai; magoti yangu yamezeeka kuliko mimi. Jambo ninalotaka kuwaeleza nimelisema kwa sauti mara moja tu maishani, tena kwa mtu mmoja, tena nikiwa nimechelewa. Leo naliandika.

Nyumba yetu ilikuwa Biryogo, mtaa wa Waislamu wa Kigali, ambako hata muuza ndizi aliyetoka kijijini alijifunza Kiswahili kabla hajamaliza mkungu wake wa kwanza. Babu yangu alikuja na wafanyabiashara kutoka pande za Tabora, akaoa Mnyarwanda, akabaki. Baba yangu, Fundi Rajabu, alishona barazani kwa cherehani ya miguu: suti za makarani wa serikali kule Kacyiru, kanzu za Idi, na sketi za shule zisizokwisha. Mama alifuga kuku. Na juu yetu sote kulikuwa na dari la mbao nyembamba, ambalo sisi watu wa Kigali tuliliita pulafo. Baba alilipigilia mwenyewe, na kila mgeni alilazimishwa kuinua kichwa alisifu kabla hajapewa chai.

Ndani ya pulafo hiyo, masika ya mwaka wa tisini na mbili, akahamia mnyama.

Kwenye vitabu nimeona akiitwa kanu. Ana mwili wa paka aliyerefushwa, madoa meusi ubavuni, na mkia wa pete pete karibu ulingane na mwili wenyewe. Sisi tulimjua kwanza kwa miguu. Alipita juu ya vichwa vyetu tukila, tipu tipu tipu, kama mtu aliyevaa soksi. Kisha tukamjua kwa doa la kahawia lililojichora juu ya kitanda cha dada yangu Zaina na kukua kila siku. Mwisho tukamjua kwa kuku: leo mmoja, baada ya siku nne mwingine.

Tulipigana naye kwa kila kilichokuwa mkononi. Mama alitia pilipili kavu kwenye jiko la mkaa, akaliweka chini ya tundu la pulafo na kufunga madirisha. Mnyama aliondoka siku mbili. Sisi tulikohoa siku tatu. Jirani aliyetukuta tumekaa uani, macho mekundu, kamasi zikitutoka, alivua viatu akaanza kutupa pole ya msiba, na ilibidi Mama amweleze kwamba hakuna aliyekufa. Baba naye akatoa vidonge vya nafutalini kwenye kabati la nguo za wateja, akavitupa vyote darini. Mnyama hakujali. Nondo ndio waliofurahi, wakatoboa suti ya karani mmoja wa Kacyiru.

Muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara alitaka kutuazima mbwa wake. Baba alikataa. Mate ya mbwa ni najisi, na watu walikuwa wakisali ndani ya nguo alizoshona yeye. "Nikimfuga huyo uani," alisema, "itabidi nioshe nusu ya Biryogo mara saba."

Ndipo akaingia Kaberuka.

Kaberuka alikuwa mtu wa Gahanga, kule kusini, njia ya Bugesera, ambako wakati huo hakukuwa na nyumba za ghorofa bali mtama na ng'ombe. Kila asubuhi alituletea maziwa kwa baiskeli, bidoni mbili nyuma na mwavuli mweusi umefungwa kwenye fremu, jua au mvua. Alikuwa mrefu, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia barabarani. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini mwaka wa tisini, na watu walikuwa wamezoea kuulizana mambo ambayo zamani yaliulizwa kwa siri. Kitambulisho cha Kaberuka kilikuwa na lile neno la kabila ambalo miaka ile lilimfanya mtu apunguze sauti. Kwetu alikuwa mtu wa maziwa tu. Baba alimpenda kwa sababu hakuwahi kutia maji.

Alisikiliza masaibu yetu, akapanda juu ya meza ya kukatia nguo, akachungulia tundu.

"Fundi," akasema, "hii mnyama iko na akiri. Iko na njia moja, haibadirishi. Na choo moja, hapo juu ya kitanda ya mutoto wako. Usimuue. Ukiua huyu, nyumba inabaki wazi, mwingine anakuja. Huyu tunamuhamisha."

"Tunamhamisha na vitu vyake?" Baba akauliza.

"Vitu vyake ni kuku zako, Fundi. Na sasa anataka kuvimariza."

Keshoye alikuja na kisanduku. Alikitengeneza mwenyewe kwa mbao za msederea, kirefu kama mkono wa mtu mzima, na ubavuni alikuwa amechonga kwa kisu pembe mbili za ng'ombe. Mlango wake ulining'inia kwa kamba ya katani. Mnyama akivuta chambo, mlango unashuka. Alikuwa ameshahamisha wengi, aliniambia. Aliwafunga nyuma ya baiskeli akaenda kuwafungulia kwenye mafunjo, ng'ambo ya bonde. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na niliona hakuna kazi bora zaidi duniani.

Baada ya swala ya alasiri alikitega darini, chambo kichwa cha kuku. Kisha akanipeleka kwenye banda, akaweka mkono wangu juu ya komeo la mbao.

"Shabani, mwana wangu. Kisanduku ni nusu ya kazi. Nusu iko hapa. Banda ikifungwa, mnyama anakosa, anaenda kwa kisanduku. Ikibaki wazi, ataacha kichwa moja ya kuku aende kwa kuku kumi na moja? Hata wewe hungefanya hiyo ujinga. Funga jua likizama. Umesikia?"

Nilisikia. Kufunga banda ilikuwa kazi yangu hata kabla ya kisanduku. Na safari hii kuku hawakuwa kuku tu: Zaina alikuwa anaolewa Ijumaa ya wiki iliyofuata, na Mama alikuwa amewahesabu wale kumi na mmoja kwenye sahani za walima, huyu wa wakwe, huyu wa imamu.

Jioni ile Baba alitangulia msikitini na Mama alikuwa kwa shangazi akichambua mchele wa harusi. Niliambiwa nifunge banda, nitawadhe, nimfuate Baba. Nilitoka na kofia kichwani. Lakini nyuma ya soko kulikuwa na banda la video, na siku ile walionyesha watu wa kung fu, na mlango ulikuwa wazi kidogo. Nilisema nitatazama dakika tano. Nilitazama mpaka yule mwenye ndevu nyeupe alipokufa, nikakimbia nyumbani na kuingia kitandani nikijifanya nimetoka kuswali. Komeo sikulikumbuka hata kidogo.

Kilio cha Mama kilitupata alfajiri.

Mpaka siku ile alikuwa akinyakua waliochelewa nje; kanu akiingia bandani haondoki na mmoja. Anaua mpaka kelele ziishe. Kuku wanane walikuwa wamelala wameng'atwa shingo, manyoya yao yameganda kwenye umande, na watatu walikuwa juu ya mparachichi wakikataa kushuka. Huko darini mlango wa kisanduku ulikuwa ungali unaning'inia. Mama hakulilia kuku tu. Wale wanane hawakuchinjwa, kwa hiyo walikuwa mizoga, na nyama ya harusi ilikuwa imetuharamikia mbele ya macho yetu. Aliwagawa kwa majirani Wakristo, na mtaa ukanuka kuku wa kukaanga siku mbili. Ilikuwa harufu nzuri sana. Mpaka leo siipendi.

"Nani alifunga banda?" Baba aliuliza.

Nataka mnielewe hapa, ingawa sitaki mnisamehe. Kusema "nilisahau" kungeleta swali la pili: ulikuwa wapi? Na nyumbani kwetu mtu aliweza kuvunja sahani, hata kuvunja kioo cha wateja, lakini si kuacha swala kwa ajili ya sinema. Nilimwona Kaberuka akiingia langoni na baiskeli yake. Nikakumbuka kwamba mwavuli wake, ambao jana mchana ulikuwa umeegemea banda la kuku, haukuwapo niliporudi mbio kutoka kwenye video. Maneno yakaja yenyewe, yamepangika kama yameshonwa.

"Mimi nilifunga, Baba. Mzee Kaberuka alirudi baadaye. Nilimwona akifungua banda."

Kaberuka aliegemeza baiskeli ukutani taratibu.

"Ulirudi jana?" Baba akamwuliza.

"Nirirudi, Fundi. Kuchukua mwavuri."

"Na bandani?"

"Sikugusa."

Wakati huo barazani palikuwa na watu wanne watano: wateja, wapita njia, na muuza mkaa aliyekuwa tayari ameshika kuku wake wawili wa bure kwa miguu. Baba alikuwa mtu wa haki. Alishusha sauti.

"Kaberuka, rafiki yangu. Sema tu umesahau. Ulifungua utazame, ukasahau. Kusahau ni kwa binadamu. Tutacheka, utakunywa chai, yamekwisha."

Ningekuwa mimi ningesema ndiyo. Nimewaza hivyo maisha yangu yote: angesema ndiyo. Lakini Kaberuka alivua kofia.

"Ningesahau, ningesema nimesahau, Fundi. Lakini sikufungua."

"Basi mwanangu ni mwongo?"

Kaberuka alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama ndama aliyeshindwa kusimama, akimsubiri ajaribu tena. Nilitazama chini. Unyoya mmoja ulikuwa umeng'ang'ania kidole changu cha mguu, nami niliukazia macho kana kwamba umeandikwa kitu.

Muuza mkaa akadakia. "Fundi nawe! Huwajui hawa wa kule? Anakuletea mnyama kwenye kisanduku usiku, asubuhi anakuja kukutegea. Biashara hiyo!" Watu wakacheka. "Leo kuku, kesho atakuletea nini?" Wakacheka tena, lakini kwa namna nyingine.

Baba hakucheka. Uso wake ulikuwa umefunga. "Kusahau naweza," alisema. "Uongo siuwezi. Mwongo haingii nyumbani kwangu. Maziwa yako usiniletee tena."

Kaberuka alivaa kofia yake. Mama alikuwa amesimama mlangoni ameshika bakuli la maziwa, hajui alijaze au alirudishe ndani.

"Kisanduku nakiacha," akasema Kaberuka, "kazi bado haijaisha." Kisha akasema kwa Kinyarwanda ile methali ambayo kila mtoto wetu anaijua: *Ukuri guca mu ziko ntigushye*. Ukweli hupita motoni usiungue. Akasukuma baiskeli. Nilimsikia akishuka mtaani, bidoni zikigongana.

Siku ya tatu mlango ulishuka. Kanu alinaswa, kwa sababu kuku watatu waliobaki nilikuwa nawafungia kabla hata ya alasiri. Lakini hapakuwa na mtu wa kumpeleka kwenye mafunjo. Muuza mkaa alikuja na vijana wake na fimbo. Nilimwona mnyama kabla hawajafungua: alikuwa mdogo kuliko makosa yake, na macho yake yalikuwa makubwa kama ya mtoto mchanga. Harufu ile ilijaa ua mzima. Baba alikiosha kisanduku akakirudisha darini. "Atakuja kukichukua," alisema. Hakuja. Yale maneno ya barazani yalitembea kuliko sisi. Baada ya muda nikasikia yakisimuliwa kwenye bomba la maji na watu nisiowajua, kwamba kuna mtu wa Gahanga anayefuga wanyama wa kuwamalizia Waislamu kuku. Sikumsahihisha mtu.

Zaina aliolewa. Kulikuwa na mbuzi. Mwaka ukapita, na nusu ya mwingine.

Aprili ya tisini na nne sitaieleza. Wanaoijua hawahitaji maelezo yangu, na wasioijua hayatawatosha. Nitasema tu ya nyumbani kwetu. Watu waliokimbia kuuawa walikuja, na Baba aliwapokea. Alichukua ngazi, akatoa ubao wa pulafo aliyoijenga kwa majivuno, akawapandisha. Walikuwa watatu: mzee mmoja mwalimu, mama wa jirani, na msichana wa miaka kumi na saba hivi aliyekuja peke yake asubuhi, kabla wauaji hawajaweka kizuizi kwenye kona, miguu yake matope mpaka magotini. Alisema anaitwa Donata. Hakuna aliyemwuliza zaidi. Siku zile swali lilikuwa mzigo.

Mimi ndiye niliyewapandishia maji na viazi kupitia tundu lile lile la kanu. Tulijifunza kusikia nyayo upya. Kila ubao ulipolia, Mama aliimba kwa nguvu au alikanyaga cherehani isiyo na nguo. Wauaji walipokuja kupekua, Baba aliwaambia kuna mnyama darini, anuse mwenyewe asiyeamini. Mmoja alinusa. Lile doa juu ya kitanda cha Zaina bado lilikuwapo. Wakaondoka wakitukana.

Na jioni moja, tukiwa tumekaa chini ya pulafo bila taa, Baba akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na uzi wake: "Kaberuka hakuja. Angekuja ningempandisha. Hivi hakufikiria kuja kwangu?"

Juu yetu ubao ulilia kidogo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Niliinuka kuwapandishia maji.

Donata alitoka hai Julai, pamoja na wale wengine wawili. Mwaka uliofuata alirudi, amevaa gauni safi, na kikapu cha maharage ya kumshukuru Baba. Alipomaliza chai alisema, "Mzee, naomba kile kisanduku cha juu."

"Kile si changu kutoa," Baba akasema. "Ni cha mtu. Kaberuka wa Gahanga."

"Ni cha baba yangu," akasema Donata. "Nililaza kichwa changu juu yake miezi mitatu. Zile pembe, nilikuwepo akizichonga."

Alitueleza bila kulia. Walikuja wawili, kupitia mabondeni, siku mbili. Wakafika kwenye kona yetu, pale bomba lilipo, wakaona baraza na cherehani. Baba yake akasimama. Akamwambia: wewe nenda, Fundi Rajabu ni mtu wa haki, atakupokea. Donata akamwuliza, na wewe? Akajibu: mimi pale ni mwongo, na mwongo haingii. Nikiingia nawe, ataanza kukumbuka. Atakutilia shaka na wewe. Usiseme u mtoto wa nani. Akamwachia mwavuli, akageuka kurudi upande wa bonde. Hakuna aliyemwona tena.

"Siku ile uliposema ungempandisha," Donata alimwambia Baba, "nilikuwa nimelala juu ya kichwa chako. Nilitaka kukwambia. Niliogopa mtanishusha."

Baba alilia mbele ya mtoto wa watu, mikono yake imeshika futi ya kupimia shingoni. Alikuwa akirudia, "Kwa ajili ya kuku. Kwa ajili ya kuku." Na mimi, ambaye neno moja langu lingempunguzia nusu ya mzigo ule, nilipanda ngazi kukichukua kisanduku.

Nilimsindikiza Donata kituoni nimekibeba begani. Pale kwenye bomba nilisimama. Nikamwambia. Banda la video, komeo, mwavuli, yote. Niliyasema nikitazama chini, kama siku ile, isipokuwa hapakuwa na unyoya.

Alichukua kisanduku kwangu, akakiweka kichwani.

"Alijua," akasema. "Jioni ile alituambia nyumbani. Mama alitaka arudi kukusema kwa baba yako, akakataa. Alisema, yule ni mtoto, atasema mwenyewe. Tumpe muda."

Akaenda zake. Sikumwona tena, na sikustahili.

Baba alikufa miaka tisa baadaye. Sikumwambia. Alikufa akiamini kwamba ni ukali wake uliomgeuza Kaberuka kwenye kona, na katika ugonjwa wake alimtaja kuliko alivyonitaja mimi. Kila asubuhi nilijiambia nitasema kesho akipata nguvu, na kesho nikajiambia nisimwongezee maumivu. Huo nao ulikuwa uongo, nadhifu kama ule wa kwanza.

Utotoni nilidhani uongo ni kama kuku aliyekufa: unanuka siku mbili, majirani wanaumaliza, Mama anafagia manyoya. Sikujua kwamba jina la mtu ni mlango, na kwamba mimi, mwenye kazi ya kufunga banda, ndiye niliyemfungia Kaberuka mlango wa pekee uliokuwa wazi mtaa mzima. Methali yake imetimia. Ukweli umepita motoni na haukuungua, huu hapa mzima mkononi mwangu. Waliokuwa wakiuhitaji ndio hawakupita.

Fundi wa mabati aliniuliza afanye nini na mpangaji: sumu au fimbo? Nilimwambia asubiri. Nimeanza kutengeneza kisanduku. Mbao ninazo, kamba ninayo, ila mlango wangu haushuki vizuri, na hakuna wa kumwuliza. Kaberuka aliniachia muda, nami nikautumia wote.